Utani wa Siku ya Matembezi

Watu wanaonijua husema nina mdomo. Ni kweli ninao, sijawahi kuukana. Umenipatia kazi, umenipatia mume, na zamani ulinipatia nafasi ya mbele kwenye foleni nyingi za sukari. Lakini siku moja ulinitoka pale viwanja vya Mnazi Mmoja, mchana kweupe, mbele za watu, na mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka. Nina wajukuu sasa, na bado unaniwaka.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, ofisi zetu ziko Mchafukoge, na nilipanga chumba Gerezani kwenye nyumba ya vyumba sita, bomba moja, choo kimoja, na ugomvi kila asubuhi. Kwenye chumba kilichotazamana na changu alikaa mama mmoja wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora, muuza vitumbua, pamoja na mwanawe. Huyo mwanawe ndiye ninayemsimulia. Alikwenda vitani na miguu miwili. Alirudi na mmoja na nusu, wa kushoto umekatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu lililofukiwa.

Mimi ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, tangu Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani anaweza kuingia msibani kwenu, watu mnalia, yeye akakaa katikati akaanza kumsema maiti kwamba alikuwa mlafi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kabla ya vita mimi na yule kijana tulikuwa hatupishani ukumbini bila kurushiana maneno. Mimi nilimwita mpagazi. Yeye alisema Wazaramo tuna kazi mbili tu hapa duniani, kucheza ngoma na kulala tukisubiri ngoma nyingine.

Aliporudi, nyumba nzima ilishusha sauti. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa akimfokea kila mwezi, alianza kumwita baba. Wanawake wa bombani walimpisha, wakampa na kigoda. Mimi nilijizuia siku mbili, ya tatu nikashindwa. Nilimkuta mlangoni anahangaika na magongo yake, nikamwambia wenzake wameleta redio na vitenge kutoka Uganda, yeye fundi gani wa vita anakwenda kuacha mali huko badala ya kuleta. Mama yake aliangusha upawa. Yule kijana akacheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nikacheka nikasahau kumnyanyua. Tukarudi tulipokuwa.

Alitaka kitu kimoja tu, awe fundi redio. Jeshini alikuwa upande wa mawasiliano, na pale nyumbani alikwisha kutengeneza redio zote za wapangaji kwa bisibisi aliyoichonga kwenye spoki ya baiskeli. Basi ikatangazwa kwamba askari walioumia vitani watafundishwa kazi za mikono: ushonaji, useremala, ufundi wa redio. Nafasi za redio zilikuwa chache, na kila mmoja alitakiwa awe na barua ya balozi wake wa nyumba kumi, kisha apimwe na daktari wa kamati ya mafunzo hayo, athibitishe kwamba kweli hawezi kazi za nguvu. Vifaa havikuwepo. Wananchi tuliombwa tuchangie.

Hapo ndipo kimbelembele changu kilipoingia. Shuleni nilikuwa mkimbiaji, na pale kazini kila Ijumaa baada ya saa za kazi niliwatoa akina mama wa ofisini kufanya mazoezi, wengine wakija kwa kupenda na wengine kwa kuniogopa. Nikasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikasema tufanye matembezi. Kila mtembeaji apewe karatasi, azunguke nayo madukani, mtu aandike atatoa nini kwa kila kilomita itakayotembewa. Tuanzie Mnazi Mmoja, tushike Barabara ya Uhuru mpaka Ilala Boma, turudi kwa Mtaa wa Msimbazi. Mwenyekiti wetu, mtu mnene ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka mezani kwake hadi kwenye birika la chai, alipiga makofi. Nikafanywa Katibu wa kamati ya matembezi. Baadaye akaniita pembeni akaninong'oneza kwamba wizarani wanatafuta mwanamke wa kusimamia michezo makazini, na kwamba mambo haya yakienda vizuri atanitaja. Sikulala vizuri kwa furaha.

Nikaanza kuzunguka Kariakoo na karatasi yangu. Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vitambaa, aliniambia madukani hakuna kitu, hela ndiyo hiyo hiyo, lakini atatoa jora la khaki vijana wajifunzie kushona. Nikamshukuru. Kisha akaniuliza, na hao askari wenyewe watatembea? Nikasema hapana, watakaa jukwaani wakisubiri daktari awapime siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Akasema mtu akimwona askari mwenyewe anatembea atatoa hata alichokuwa hajakusudia. Maneno hayo nilitoka nayo dukani kama niliyetoka na jora lenyewe.

Jioni ile ile nikamfuata mtani wangu. Alikuwa amepewa mguu wa bandia hospitali, wa mbao na mikanda ya ngozi, ila hakuupenda, aliuvaa siku za sikukuu tu. Akasema anataka kukaa jukwaani na wenzake, apimwe, apate nafasi yake, basi. Akaniambia mguu ule ukipita mtaa mmoja unamchoma. Nikamwambia Mnyamwezi gani anachoka mtaa mmoja. Kwa mtani huo ni uchokozi usioachwa bila kujibiwa, na nilijua hivyo. Kesho yake alfajiri, watu wanatoka msikitini, alikuwa mlangoni kwangu amevaa mguu.

Tulitembea kila asubuhi. Siku ya kwanza tulifika kwenye kona ya karakana za reli tukarudi. Baadaye tukafika Msimbazi, baadaye Ilala. Wanawake bombani walisema maharusi wametoka. Mimi nilikaa nyuma yake na fimbo, si ya kumpiga, ya kugonga chini nimhesabie hatua, na kila alipochechemea nilimsimamisha tuanze upya. Nilitaka asichechemee. Nilitaka akipita Barabara ya Uhuru, mtu asijue mguu upi ni wake na upi ni wa mbao mpaka aambiwe. Nilimfundisha kuificha ile hali, na alikuwa mwanafunzi mzuri, askari ni askari.

Siku moja mama yake aliniita ndani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kipande cha khanga ambacho mwanawe alikuwa akifungia kile kigutu. Kilikuwa na damu na maji maji ya njano. Akasema, "Mwanangu, huo mguu si wa kuchezea." Nikamjibu ni malengelenge tu, kama ya kiatu kipya, yataota sugu. Nilimjibu kwa kujiamini, mimi niliyekuwa sijui lolote. Yule mama hakubishana na mtu anayefanya kazi ofisini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Tarumbeta zilipigwa, akina mama walivaa khanga za sare, wafanyakazi wa viwandani walikuja na katambuga zao za matairi kwa kuwa viatu vya raba havikupatikana hata kwa dawa. Mtani wangu alitembea mbele kabisa, suruali imepigwa pasi, viatu viwili miguuni. Watu walitoka madukani. Kariakoo wachukuzi waliweka mizigo chini wampigie makofi. Michango ilimiminika kuliko tulivyotarajia, watu wakiandika na kufuta wakiongeza. Alifika Mnazi Mmoja mwenyewe, bila gongo, bila kushikwa, na jasho linamtoka mpaka kwenye mkanda. Nilijisikia nimeumba mtu.

Daktari wa kamati alikuwa amekaa mezani chini ya turubai, na askari wengine wamepanga mstari kwenye mabenchi na magongo yao, wakipimwa mmoja mmoja. Mtani wangu alikwenda kwanza kunywa maji kwenye ndoo, hatua chache kutoka pale, ametupa mgongo. Daktari alimtazama, akatazama karatasi zake, akaniita. Mwenyekiti alikuwa ubavuni kwake, na watu wa ofisini kwetu wametuzunguka.

"Ndugu Katibu," daktari alisema, "yule umemfundisha wewe. Hali yake unaionaje?"

Na mimi, kichwa kimejaa makofi ya Kariakoo, nikamjibu: "Yule? Yule hana ugonjwa, Daktari, ni uvivu tu. Mtwike gunia la chumvi, uone kama hatalifikisha Tabora kwa miguu kabla ya treni, kama babu zake."

Wenzangu walivunjika mbavu. Walinijua, walimjua na yeye, wengi walikuwa watu wa hapa hapa. Daktari hakucheka. Aliinamisha kichwa akaandika, akanishukuru, akamwita mwingine. Na mtani wangu alipokuja kukaa mbele yake, alimgonga goti kidogo, akamwambia asimame, atembee mpaka kwenye mlingoti wa turubai na kurudi. Akatembea kama nilivyomfundisha. Daktari akamwambia ahsante, nenda kapumzike.

Nimelifikiria jambo hili miaka na miaka. Ilikuwa zama za Ujamaa, tumefundishwa sisi sote ni ndugu, na kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa aibu kubwa, hasa kwa msomi, hasa mezani kwa serikali. Daktari yule, nilisikia baadaye, alikulia shule za misheni mbali sana na pwani. Hakujua mimi ni nani kwa yule kijana. Alimwona Katibu wa kamati, ameulizwa swali la kazi, akatoa jibu. Lakini hilo ni kosa la siku moja, na la siku moja ningeweza kulirekebisha. Lililofuata ndilo langu hasa.

Baada ya siku kadhaa orodha ya daktari ililetwa mezani kwangu niipige chapa, maana kamati haikuwa na mpiga chapa mwingine. Mwandiko wa daktari ulikuwa mbaya, ila nilishauzoea. Nikapiga majina ya waliokubaliwa, nikafika ya waliokataliwa, nikaliona la mtani wangu. Mbele yake kumeandikwa: anajiweza, kwa maelezo ya Katibu wa matembezi anamudu hata kazi za kubeba mizigo, nafasi apewe mwingine.

Niliisoma mara tatu. Ofisi ya daktari ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Nilisimama, nikachukua na mkoba. Nikajiuliza nitasema nini. Nitasema, Daktari, ule ulikuwa utani? Nimwambie kwamba Katibu wa kamati ameulizwa hali ya askari aliyeumia vitani akajibu kwa mzaha mbele ya watu? Mwenyekiti angesikia kabla sijarudi mezani kwangu, na wizarani wangesikia kutoka kwa mwenyekiti. Nikakaa. Nikajiambia barua yake ikija nitajua la kufanya, atakata rufaa, nitamsaidia kuiandika. Nikapanga karatasi na kaboni, nikapiga nakala nne. Hakukuwa na kosa hata moja, mwenyekiti alinisifu kwa usafi wa kazi.

Jamani, wiki zile. Kila jioni nikirudi alikuwa kibarazani na redio ya mtu mapajani, ananiuliza, "Mtani, majibu bado?" Na mimi najibu serikali haina haraka kama Mnyamwezi mwenye njaa. Nilikuwa nikisema uongo kwa utani, na yeye akicheka. Barua ilipofika nilikuwepo. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati, akaendelea kufunga skrubu za redio ya watu. Nikapita nikaingia chumbani kwangu, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Sikutoka kumwambia. Rufaa sikuitaja.

Na kazi ya wizarani niliipata. Nikahamia chumba kizuri Ilala, chenye bomba langu mwenyewe. Nilipowaaga, mama yake alinifungia vitumbua kwenye gazeti.

Nilichokuja kujua nilikijua kwa kuambiwa. Siku zile msako wa watu wasio na kazi mjini ulikuwa mkali. Usipokuwa na kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori, unapelekwa kijijini ukalime. Mwenye kilema alisamehewa. Yeye alikuwa na barua ya serikali inayosema anajiweza. Asingeweza kumwacha mama yake, basi akaenda Kariakoo akajiandikisha na wachukuzi, akawa anashusha magunia ya viazi kwenye malori. Kwa mguu ule. Na kwa kuwa nilimfundisha asichechemee, wenzake hawakujua mpaka siku alipoanguka. Kigutu kilikuwa kimeoza ndani ya mbao.

Mama yake alinifuata ofisini. Niliposikia kwamba kuna bibi ananiulizia mlangoni, nilidhani amekuja kunisuta mbele ya wizara nzima, na kwa kweli nilitamani anisute. Hakuja kwa hilo. Alikaa ukingoni mwa kiti, khanga ameikaza, akaniambia wamemkata tena, juu ya goti. Akasema amesikia kuna orodha mpya ya mafunzo, na katika watu anaowajua ni mimi tu ninayejua kuandika barua za wakubwa. "Niandikie, mwanangu," akasema. "Safari hii nadhani hawatakataa."

Niliandika pale pale, nikaharibu karatasi mbili. Nikaipeleka mwenyewe kwa yule daktari. Alisoma ripoti ya hospitali, akapiga muhuri, hakuniuliza hata swali moja. Sikumwambia hata siku hiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, nafasi ya ufundi redio ikawa imepatikana.

Nikaenda hospitali na karatasi ile mkononi. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa ndugu na makapu ya chakula. Alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka. Nikampa karatasi akaisoma, akaiweka chini ya mto, akasema vizuri. Nilikuwa nimeazimia kuondoka baada ya hapo, lakini nikaona nikiondoka sitarudi tena maishani. Nikamweleza yote: alivyoniuliza daktari, nilivyojibu, orodha, nakala nne, wizara. Sikujitetea. Alinisikiliza huku akitazama dari.

"Nilikusikia," alisema nilipomaliza. "Nilikuwa pale kwenye ndoo. Na daktari nilimwona anaandika."

Nikamuuliza, kama alisikia, kwa nini hakumwambia daktari.

"Nimwambie nini? Kwamba huyu ananitania tu, mimi kweli siwezi?" Alivuta shuka kifuani. "Tangu nirudi vitani watu wote wananisemesha kama mgonjwa. Wewe tu ndiye uliyekuwa unanisema kama zamani. Nilitaka nafasi ile, lakini sikutaka uache."

Nilijifuta macho na ncha ya khanga. Akanitazama kwa muda, kisha akajiinua kidogo kwenye mto, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Haya, mtani," akasema. "Nitanie."

Nilitazama shuka, pale lilipolala bapa kitandani mapema kuliko inavyopasa. Maneno nilikuwa nayo, mtu kama mimi hakosi. Yeye alisubiri.

"Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia.

Akanijibu ahsante, kama alivyowajibu wageni wengine wote waliopita pale, akageukia ukutani.